Wajibu, Ushuru na Zamu

Iko hoja moja iliyozoeleka sana vinywani mwa wasomi wa Afrika Mashariki, nayo husemwa kwa utulivu kana kwamba haihitaji ushahidi. Husemwa kuwa Kiingereza ni lugha tajiri kwa sababu neno lake moja hubeba maana nyingi, na kuwa Kiswahili ni lugha maskini kwa sababu penye neno moja la Kiingereza hulazimika kuleta matatu au manne. Wasemao hivyo hupenda kutoa mfano wa neno "duty". Mwingereza, husema wao, hutamka silabi mbili tu, na ndani yake mna ushuru, mna wajibu, mna zamu. Mswahili hana budi kwanza aulize lipi lakusudiwa, ndipo achague la kusema. Kutokana na hoja hii hutolewa hukumu kubwa: kwamba sheria, biashara ya mataifa na elimu ya juu vibaki katika lugha yenye maneno mapana, na Kiswahili kibaki sokoni na nyumbani. Hoja hiyo ni dhaifu, na hukumu yake ni dhuluma. Udhaifu wake huonekana katika historia ya neno lenyewe. Dhuluma yake huonekana mpakani.

Kwa uchunguzi huu hapana mpaka ufaao kuliko ule wa Tunduma. Tunduma ni mji wa Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa katika Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchi ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita hapo pia katika safari yake ya kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Malori yapelekayo mafuta na bidhaa Zambia na Kongo, na yale yarudiyo na shaba, hupanga foleni ndefu yakingoja karatasi zake. Wanyamwanga wako pande zote mbili, kwani mstari ule ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, nao uliwekwa juu ya nchi iliyokuwa tayari na wenyewe. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ili maofisa wa nchi mbili wakae mahali pamoja na msafiri asisimamishwe mara mbili kwa shughuli ile ile.

Katika kituo kama hicho neno "duty" hutumwa kazi kutwa kucha. Ofisa aingiapo asubuhi kushika kazi, Kiingereza husema yuko katika "duty", nayo hiyo ni zamu. Akadiriapo malipo ya shehena, akitozacho ni "duty", nao huo ni ushuru. Akataapo rushwa, akampima tajiri na maskini kwa kipimo kimoja, akitimizacho ni "duty", nao huo ni wajibu. Hata lori lililosimama nje, kwa kuwa limeundwa kuhimili mizigo mizito, hupewa sifa iliyofinyangwa kwa neno hilo hilo. Wasifu wa Kiingereza huona hapa hazina. Mwenye kutazama kwa makini huona mkoba mmoja uliotiwa nguo, chumvi na mafuta ya taa: ni kweli kwamba wabebeka kwa mkono mmoja, lakini mwenye mkoba atajuta aufunguapo.

Kwa maana mambo haya matatu si jambo moja. Mtu aweza kuwa katika zamu asitimize wajibu. Aweza kulipa ushuru wote na bado akawa hakutimiza wajibu wote. Aweza kutimiza wajibu wake hata baada ya zamu kwisha. Sentensi hizi tatu ni nyepesi katika Kiswahili, na mtoto wa darasa la nne azielewa. Zikitiwa katika Kiingereza kwa neno "duty" peke yake zitageuka kitendawili, na Mwingereza mwenyewe atalazimika kuazima maneno mengine ili ajinasue. Basi ule wepesi unaosifiwa, wa kusema mengi kwa neno moja, hutoweka papo hapo haja ya kupambanua inapozuka. Na haja ya sheria na biashara, tangu mwanzo hata mwisho, ni kupambanua.

Maana hizo zilikusanyikaje? Asili ya neno "duty" ni Kifaransa cha kale, nacho kilirithi kutoka Kilatini, katika kitenzi cha kuwa na deni. Shina lake ni lile linalodaiwa. Mtu alidaiwa utii na bwana wake, alidaiwa malipo na mfalme wake, alidaiwa kazi katika saa zake; na kwa kuwa mwenye kudai alikuwa mkubwa yule yule, neno moja lilitosha kwa madai yake yote. Hivyo wingi wa maana katika neno hili haukuletwa na fikira pana. Uliletwa na utawala ambao haukuona sababu ya kutenga fedha ya raia, saa zake na dhamiri yake. Vyote vilikuwa deni kwa mmoja.

Historia ya Waingereza wenyewe yaonyesha jinsi neno lililofungwa hivyo linavyoweza kuvutwa huku na huku. Mwezi Desemba 1773, katika bandari ya Boston, walowezi wa Marekani walitupa baharini makasha 342 ya chai, na moja ya sababu zao ilikuwa "duty" ya peni tatu kwa kila ratili ya chai, waliyotozwa na Bunge ambalo hawakuwa na mjumbe ndani yake. Miaka 32 baadaye, tarehe 21 Oktoba 1805, mbele ya vita vya Trafalgar, jemadari Nelson alipandisha bendera kuwaambia mabaharia kuwa Uingereza yatarajia kila mtu atatimiza "duty" yake. Neno lililotoswa majini kule lilipandishwa mlingotini huku, wala si kwa maana moja. Na liko jambo la kuwafundisha wasifu wa neno hili: katika kitabu cha ishara kilichotumika siku ile neno "duty" halikuwamo. Maneno mengine ya ujumbe yalikuwa na bendera zake. Hili lililazimika kuandikwa herufi moja moja. Manowari za taifa lile zilikwenda vitani bila ishara ya neno hilo, wala hakuna aliyesema kwamba Kiingereza kimepungukiwa. Mbona Kiswahili kikikosa istilahi moja katika kamusi hukumiwa chote?

Sasa yatazamwe maneno ya Kiswahili yanayodharauliwa kwa kuwa ni mengi. Ushuru latokana na Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Liliingia katika bandari za pwani pamoja na biashara yenyewe, likaishi humo likawa la wenyeji. Sayyid Said alipofanya mapatano na Wamarekani mwaka 1833, na na Waingereza mwaka 1839, ushuru wa bidhaa zao uliwekwa kuwa 5 katika 100. Kiasi kilikuwa nusu ya kile kilichosemwa na asili ya neno, lakini neno halikutetereka. Forodha ni neno la bandari vilevile, na Forodhani ya Unguja yakumbusha hata leo mahali mizigo ilipokaguliwa. Wajibu ni neno la dhamiri na la sheria: lile limlazimulo mtu hata kama hapana amtazamaye. Kando yake yako mengine, kila moja na mahali pake: faradhi mbele ya Mungu, jukumu katika kazi aliyokabidhiwa mtu, dhima katika lile atakaloulizwa. Zamu ni neno la mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambao waliigawa safari katika vipindi vya saa tatu tatu. Kutoka chomboni likaenda kwa walinzi, hospitalini na shuleni, hata leo hapana shule isiyojua mwalimu wa zamu ni nani. Maneno haya yalijua kazi ya forodha kabla karani wa Kiingereza hajakanyaga bara hili. Kuyaita dalili ya umaskini ni sawa na kumcheka seremala kwa sababu ana randa, patasi na msumeno, na kumsifu jirani yake apigaye kila kitu kwa shoka.

Wala si Kiswahili peke yake kinachoshuhudia hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoandikwa kwa Kiingereza, katika vifungu vyake vya mwanzo hutoa ufafanuzi wa neno "duty", na kusema kuwa humo zimo tozo, kodi na nyongeza za kodi zilizowekwa kwa sheria. Waandishi wake walikuwa mabingwa wa Kiingereza, nao hawakuliamini neno hilo litembee peke yake. Ilibidi walizungushie ua lisije likatanga. Ikiwa wenye kuitumia lugha hiyo kwa ubingwa hawaoni upana wa neno kuwa hazina bali hatari, kwa nini mwanafunzi wa Songwe afundishwe kuuona kuwa hazina?

Hata hivyo hoja isijibiwe kwa majivuno. Yuko msomi wa namna ya pili, naye ni hasimu wa yule wa kwanza, asemaye kuwa Kiswahili ndicho lugha safi, kila neno na maana yake, na Kiingereza ni vurugu. Huyo naye hakutazama vema. Mpaka, neno lile lile litajwalo Tunduma kila siku, ni ukomo wa nchi na ni "hadi" ya wakati na mahali: mtu aweza kungoja mpaka jioni mpakani, wala hapana atatizikaye. Kodi ni fedha alipwayo serikali, na ni fedha alipwayo mwenye nyumba. Kiingereza huzitenga kwa maneno mawili. Piga huita simu, hunyoosha nguo, huchagua mbunge na huumiza mtu. Na huko Ndolezi, katika wilaya ya Mbozi, kimelala kimondo kikubwa cha chuma, kimojawapo cha vimondo vikubwa vijulikanavyo duniani. Mswahili hukiita kimondo, na mwali upitao angani usiku ukazimika pia hukiita kimondo. Kiingereza kina neno moja kwa mwali na jingine kwa jiwe lililotua. Hapana aliyekwenda Ndolezi akatangaza kuwa Kiswahili kimekuwa tajiri kwa sababu neno lake moja limebeba mambo mawili. Kipimo kilichotumika kukisifu Kiingereza hakikutumika kukisifu Kiswahili. Kipimo kigeukacho kwa kutazama nani anapimwa si kipimo, ni upendeleo.

Ukweli ni kuwa kila lugha hufungasha maana mahali fulani na kuzitawanya mahali pengine, kwa kadiri ya maisha ya watu wake. Maana kamili haikai katika neno lililosimama peke yake, bali katika sentensi, na nyuma ya sentensi katika shughuli ya wanenao. Utajiri wa lugha haupimwi kwa wingi wa maana za neno moja, wala kwa wingi wa maneno kwa maana moja. Hupimwa kwa uwezo wa wenye lugha kupambanua palipo na haja ya kupambanua. Kwa kipimo hicho, katika jambo la ushuru, wajibu na zamu, Kiswahili hakina deni kwa mtu.

Yamkini mtu atauliza: ubishi huu wa maneno una faida gani kwa mama auzaye mchele? Unayo, tena kubwa. Chini ya Eneo Huria la Biashara la SADC, lililoanza mwaka 2008, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, Tanzania na Zambia zikiwamo, huweza kuingia bila ushuru wa forodha, mradi asili yake ithibitishwe kwa cheti. Kiingereza husema kuwa bidhaa hizo hazina "duty". Na atazamwe mfanyabiashara mdogo aambiwaye habari hiyo kwa maneno nusunusu na mpita njia, kwa kuwa karatasi yenyewe hawezi kuisoma. Aelewa kuwa hapana adaiwacho. Apita njia ya panya na magunia yake, si kwa sababu ni mwizi, bali kwa sababu ameambiwa yuko huru. Akamatwapo aambiwa kuwa hakutoa taarifa ya mzigo, hakuonyesha cheti cha asili, na kwamba kuna malipo mengine yatozwayo kwa sheria nyingine. Alisamehewa ushuru, hakusamehewa wajibu. Kama angeambiwa hivyo kwa Kiswahili, kwa maneno hayo manne, angekwenda dirishani. Tofauti ya maneno mawili ambayo wasomi huiona mzigo ndiyo ingeokoa magunia yake.

Hapo huonekana pia kosa la mfasiri mvivu. Huyu hufungua kamusi, akaona mbele ya "duty" neno la kwanza lililoandikwa, akalichukua akaenda nalo kila mahali. Kazi yake huzaa matangazo ambayo ni Kiswahili kwa herufi tu, na msomaji akishindwa kuyaelewa, lawama huangukia lugha. Kumbe dawa ni ndogo. Mbele ya neno "duty" mfasiri ajiulize swali moja: ni nini kidaiwacho? Kikiwa ni fedha ya bidhaa, aandike ushuru, na aseme ni ushuru wa forodha, wa bidhaa au wa stempu. Zikiwa ni saa za kazi, aandike zamu. Kikiwa ni tendo la haki, aandike wajibu. Swali hilo halimo katika kamusi. Limo katika akili ya mwenye kuielewa shughuli. Kwa hiyo asiyejua kazi ya forodha hawezi kuifasiri forodha, hata akihifadhi Kiingereza chote.

Wapingao wana hoja mbili za mwisho. Ya kwanza ni kuwa Kiswahili bado hakijakomaa katika sheria. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ni ya Kiswahili, nayo hutaja katika ibara ya 26 wajibu wa kila mtu kutii sheria, na katika ibara ya 138 masharti ya kutoza kodi, wala mambo hayo mawili hayakugongana. Mahakama za mwanzo zimehukumu watu kwa Kiswahili muda wa miaka mingi, zikiwafunga na kuwaachilia. Istilahi za sheria zilikwisha kukusanywa kitabuni na A. B. Weston katika Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam tangu mwaka 1968. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Lugha iwezayo kumfunga mtu jela haishindwi kumweleza kiasi cha ushuru wake. Kilichobaki si ukomavu wa lugha. Ni juhudi ya watu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: Tunduma si Kariakoo. Ng'ambo ya pale lugha ya serikali ni Kiingereza, na karatasi za shehena hupita nchi nyingi. Hiyo ni kweli, na hapana mwenye akili atakaye ofisa wa Tunduma asijue Kiingereza. Lakini kujua lugha ya jirani si sababu ya kumnyima mwenyeji yake. Tena mpaka huo si wa Kiingereza kama udhaniwavyo. Dereva atokaye Lubumbashi huja na Kiswahili chake. Mfanyabiashara wa Nakonde na mwenziwe wa Tunduma hupatana bei kwa Kinamwanga au kwa Kiswahili kabla hawajaiona fomu yoyote. Na mwezi Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC, wakikutana Dar es Salaam, walikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Lugha iliyokubaliwa mezani pa wakuu itakuwa aibu ikikataliwa dirishani pa karani.

Basi wanafunzi wa lugha, ambao kesho watakuwa wafasiri, mahakimu na maofisa, hawana haja ya kushangilia neno kwa kuwa lina maana nyingi, wala kuionea haya lugha yao kwa kuwa huzitenga. Yawapasa wafanye kazi iliyo mbele yao: wakusanye fomu, matangazo na viwango vitumikavyo mipakani, waketi na watu wa forodha na wafanyabiashara, na waviandike kwa Kiswahili ambacho mkulima wa kahawa wa Mbozi na mchuuzi wa Tunduma watakisoma bila mkalimani. Vyuo vikuu vina idara za Kiswahili na vina vitivo vya sheria; mara nyingi kilichovitenga ni ukuta tu.

Na serikali nayo ikumbuke asili ya neno inalolitumia. Ikiwa "duty" ni deni, deni hilo halina upande mmoja. Raia adaiwa ushuru, naye huulipa, au mzigo wake hukamatwa. Ofisa adaiwa zamu, naye huishika, au mshahara wake hukatwa. Lakini dola nayo yadaiwa wajibu wa kumwambia raia, kwa lugha aijuayo, ni kitu gani anadaiwa na kwa sheria gani. Deni hilo la tatu halina mtoza ushuru wa kulidai wala foleni ya kulingojea, na ndiyo maana limechelewa. Wahenga walikwisha kusema kuwa dawa ya deni ni kulipa, nao hawakusema kuwa methali hiyo ni ya wadogo peke yao.